Shujaa Aliyesema Maneno ya Mama Yangu

Sehemu ya Sita

Kama ulinikosa wiki iliyopita, hukukosa raha. Nilifukuzwa redioni kwa kuipa nyota moja filamu aliyoigiza mke wa mwenye redio. Mume wangu, kinyozi kwa kazi na kwa tabia, aliondoka na televisheni akaniachia rimoti. Na gazetini, mhariri aliukata ukurasa wangu ukabaki nusu, nusu ikawa robo, kisha akaniita ofisini kwake akafunga mlango.

Hapo ndipo tulipoagana. Leo mlango huo unafunguka, na anayetoka si mtu wa kuonewa huruma. Nasema mapema usije ukapoteza machozi yako bure.

Mhariri wetu tunamwita Mkasi. Hajawahi kukutana na sentensi ikapona.

“Nyota Moja,” akaanza.

Hilo ndilo jina langu mjini. Miaka kumi na tisa nahakiki filamu, na nyota tano nimezitoa mara mbili tu. Mara moja kati ya hizo nilikuwa na homa.

“Naam, bosi.”

“Alhamisi saa tatu asubuhi unakwenda kuona Kimulimuli ya tatu. Ya mwisho. Saa tisa alasiri nataka uhakiki mezani. Hukumu ya haki, sitaki vijembe.”

“Vijembe ndivyo wanavyosoma.”

“Vijembe ndivyo vinavyoleta mawakili. Filamu ikiwa mbaya, sema ni mbaya wapi. Ikiwa nzuri, jikaze uliseme hilo. Ukinitia aibu safari hii, hiyo robo namkabidhi mtu wa utabiri wa nyota.”

“Naye si anagawa nyota tu.”

Hakucheka. Mkasi hucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka ule alikuwa ameshacheka.

Kwa ambaye hamjui Kimulimuli: ni fundi wa nguzo za umeme aliyepigwa na radi akiwa juu ya nguzo, na badala ya kufa akaanza kuwaka. Filamu ya kwanza niliipa nyota mbili. Ya pili niliipa nusu, maana kwa saa mbili nzima watu waliruka kutoka ghorofa hadi ghorofa na hakuna hata mmoja aliyehema. Watoto wa mtaani kwangu waliacha kuniamkia. Barua zikamiminika. Barua za wasomaji huwa naziweka kwenye katoni chini ya meza yangu bila kuzifungua, kwa sababu najua zinasemaje, na katoni ile ni nzuri kuwekea miguu.

Ikumbuke katoni hiyo.

Alhamisi nikafika sinema saa tatu kasoro. Mlangoni alisimama dada mmoja wa kampuni ya usambazaji, beji shingoni, kalamu mkononi. Akanipa karatasi nitie sahihi. Ilisema sitausimulia mwisho wa filamu kwa mtu yeyote, kwa mdomo, kwa maandishi wala kwa ishara, mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi, wakati itakapoanza kuonyeshwa kwa watu wote.

“Kwa ishara tena?” nikamuuliza.

“Mwaka jana kuna mhakiki alimweleza mkewe kwa kujilaza sakafuni.”

“Mimi sina wa kujilazia. Wa kwangu aliondoka na televisheni.”

“Pole, mama. Weka sahihi hapa.”

Nikaweka. Simu yangu akaitia kwenye bahasha, akaigundisha, akaniandikia namba.

Sisi tunaohakiki huandika gizani. Mkono unakwenda wenyewe, mstari unapanda juu ya mwenzake, na ukitoka nje unakuta umeandika kitu kama nyaya zilizoanguka. Mimi nimeshazoea. Kwa filamu moja hujaza kurasa sita.

Siku ile nilijaza kurasa mbili, halafu kalamu ikasimama. Filamu ilikuwa nzuri. Watu walihema. Kimulimuli alichoka, akaogopa, akamdanganya mama yake kwenye simu kwamba ameshakula. Mji ulipozama gizani, yeye akasimama katikati ya kituo cha umeme akautoa mwanga wote aliokuwa nao mwilini, mpaka tone la mwisho, taa za mji zikawaka tena. Nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kiti kama mtoto.

Kwangu mimi hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Kisha zikaja dakika kumi na tano za mwisho.

Kimulimuli yuko hospitali. Miguu yote miwili iko kwenye plasta, mmoja umening'inizwa kwa kamba. Hana nguvu tena, hawaki tena, ni fundi tu aliyevunjika. Kitanda cha pili yuko mama yake, mgonjwa, macho yanamwishia. Juu yao taa ya mrija inawaka mchana kweupe. Na pembeni yupo dada mkubwa wa shujaa, mwanamke mwenye mkoba mkubwa, anang'ata kifuniko cha kalamu.

Mama akasema, “Zima taa, mwanangu. Nataka nione kama bado nitakuona.”

Dada akajibu, “Mama, muuguzi atagomba. Ngoja nikakutafutie chai.”

Akatoka.

Ukumbi mzima ukasonya. Waandishi wale, watu wazima, wenye beji zao, walimsonya yule mwanamke. Nyuma yangu mtu akasema, “Hata paka asingetoka.”

Mimi sikusonya. Nilikuwa na kifuniko cha kalamu mdomoni.

Ngoja nikueleze kwa nini. Miaka minane iliyopita, kitanda namba sita, wodi ya wanawake yenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe, mama yangu mzazi aliniambia maneno hayo. Hayo hayo, kwa mpangilio huo. Fundi cherehani kwa miaka arobaini, vidole vimejaa alama za sindano, alinishika mkono saa nne asubuhi akaniambia nizime taa aone kama bado ataniona.

Nami nikamwambia muuguzi atagomba. Nikamwambia ngoja nikakutafutie chai.

Chai ilikuwa ghorofa mbili chini. Palikuwa na foleni. Niliporudi na kikombe, wameshamfunika uso. Taa imezimwa. Nikafikiri ndivyo wanavyofanya mtu akiondoka.

Nilipokusanya vitu vyake, ndala ilikuwa moja. Ya kulia tu, ya bluu, kisigino kimelika upande. Ile nyingine sikuiona. Nikamgeukia muuguzi wa zamu nikamwita mwizi mbele ya wagonjwa wote. Mtu anaiba ndala ya marehemu, tena moja? Sikuwaza hilo. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, naye alikuwa karibu.

Rudi nami ukumbini. Dada ametoka, shujaa amebaki na mama yake, hawezi kuinuka. Swichi iko ukutani, mbali. Kimulimuli, aliyewahi kunyanyua treni katika filamu ya kwanza, akainama akaokota ndala chini ya kitanda akairusha. Ikakosa. Akarusha ya pili. Ikakosa. Mama yake akaisukuma ya kwake kwa mkono, taratibu, mpaka ikamfikia. Akarusha ya tatu. Taa ikazimika.

Na katika giza lile, kwa mara ya mwisho, Kimulimuli akawaka kidogo. Kidogo sana, kama kaa la moto linalosinzia.

“Nakuona,” mama akasema.

Halafu naye akazimika, na mama akazimika, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Watu walilia. Yule aliyesema habari za paka alikuwa anapenga kamasi kwenye karatasi ya mapatano. Mimi niliinuka kwa hasira. Kwa sababu maneno yale, na chai ile, nilimsimulia mtu mmoja tu duniani. Mmoja.

Mlangoni nikarudishiwa bahasha, nikaichana, nikatoa simu, nikampigia kinyozi.

“Umewauzia,” nikamwambia.

“Habari za asubuhi kwanza, bibie.”

“Usiniletee habari za asubuhi. Umewauzia maneno ya mama yangu.”

“Nimewauzia nani? Mimi niko kazini.”

“Watu wa Kimulimuli. Taa, chai, muuguzi atagomba, yote yamo. Nilikwambia wewe peke yako, jikoni, siku ya arobaini yake. Umeyatoa kwa nani? Umekaa na mtu gani ukaropoka?”

“Wewe mwanamke, mimi sijaingia sinema tangu tulipokuwa tunapendana.”

“Wameniweka mule ndani. Wamenifanya dada wa shujaa. Ukumbi mzima umenisonya. Mama anaomba taa izimwe, mimi naondoka zangu, Kimulimuli anabaki kitandani anarusha ndala, moja, mbili, ya tatu inapiga swichi, anawaka mara ya mwisho, anazimika, na mama yake anakufa. Sasa niambie hayo wameyaokota wapi.”

Nikasikia mashine ya kunyolea inazimwa.

Kisha sauti ambayo haikuwa ya mume wangu ikauliza, “Kwa hiyo Kimulimuli anazimika?”

“Nani huyo?”

“Mteja,” akasema kinyozi. “Nina wembe mkononi. Simu iko kwenye spika.”

“Mko wangapi hapo?”

“Saba. Wanane, na huyu anayeingia. Na aliye kwenye kiti ameanza kulia. Ana miaka sita, alikuwa anyolewe ili kesho apelekwe kuiona.”

“Zima hiyo spika.”

“Nimezima. Sasa nisikilize. Mimi uliniambia taa, ukaniambia chai. Habari ya ndala kurushwa hukuniambia. Ndala mimi naisikia leo.”

“Umeanza ujanja wako.”

“Na kama ningetaka kutoa siri zako nje, ningeanza na ile ya wewe kulala na soksi moja.”

Nikamkatia simu.

Ona hapo. Kinyozi, mtu ambaye hajawahi kunisaidia hata kuhamisha kabati, alikuwa amenipa jambo la maana kuliko yote niliyosikia siku ile. Ndala. Angesema hivyo mtu mwingine yeyote, ningesimama nikafikiri. Lakini alikuwa yeye, na mimi nilikuwa na hasira ya miaka minane na ya saa moja zimekaa pamoja.

Kufika saa sita, mwisho wa Kimulimuli ulikuwa umetoka kinyozini, umepita gengeni, umefika stendi. Msichana wa mapokezi gazetini alinipokea kwa uso uliovimba.

“Nilikuwa nimekata tiketi, dada,” akasema. “Mimi na mchumba wangu. Sasa tunakwenda kuangalia nini?”

Mkasi alikuwa amesimama mlangoni kwake na simu sikioni. Aliyepiga ni yule dada wa beji, na hata pale nilipokuwa nilimsikia.

“Umeweka sahihi,” Mkasi akaniambia alipomaliza.

“Niliweka.”

“Kwa ishara, wamesema. Wewe umetumia spika.”

“Bosi, filamu ile imeiba.”

Nikamweleza. Nilimweleza nimesimama, na Mkasi hakunikata hata neno moja. Alipoona nimemaliza akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hulifanya tu mtu akifiwa.

“Pole na mama,” akasema. “Sasa kaandike. Uandike filamu.”

Meza yangu iko juu kabisa ya chumba cha mtambo. Saa kumi na moja jioni mtambo unapoanza kuchapa toleo la kesho, sakafu hutetemeka na vikombe hucheza mezani. Nilikaa hapo, nikaweka miguu juu ya katoni, nikaandika kama mtu anayekata kuni.

Sitakuficha nilichoandika, maana ndicho ninachokuja kuungama. Nyota nilitoa sifuri. Nikamwita mwandishi wa filamu mwizi wa vitandani. Jina lake lilikuwa kwenye bango, herufi mbili na ukoo, nami nikaliweka lote, nikasema amenunua kilio cha familia ya watu kutoka kwa mume aliyeondoka. Kisha nikafika kwenye ndala, na hapo ndipo nilipojinoa hasa:

“Hata kuiba hakuweza kuiba mpaka mwisho. Alipoishiwa na maneno ya marehemu, akatuletea ndala tatu. Mtu ana plasta miguu yote, analenga swichi ukutani kama anayepiga ndege kwa manati. Huo ni upuuzi wa mtu asiyejua wodi. Katika wodi ile hakuna aliyerusha ndala. Mimi nilikuwepo.”

Mimi nilikuwepo. Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti.

Saa tisa Mkasi akaja akasimama nyuma yangu, akasoma, kidole kikifuata mistari kwenye kioo cha kompyuta.

“Hapa unamwita mwizi. Una hakika?”

“Kama ninavyolijua jina la mama.”

“Umemuuliza yeye mwenyewe?”

“Mwizi anaulizwa?”

“Kinyozi amekubali?”

“Kinyozi hata mimba hakubali.”

Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia nikiwa napiga mswaki.

“Na filamu yenyewe? Nzuri au mbaya?”

“Nimekwambia wameiba.”

“Umeniambia habari za mama yako, na nimekupa pole. Nakuuliza filamu.”

Nilitazama kibodi. Herufi ya A imefutika kwa kupigwa.

“Nzuri,” nikasema, na lilinitoka kama mwiba wa samaki. “Ndiyo nzuri kuliko zote tatu. Hicho ndicho kinachoniua, bosi. Ingekuwa mbaya ningeicheka nikaenda nyumbani.”

“Hilo liko wapi kwenye uhakiki?”

“Halipo.”

“Basi sikia. Toa neno mwizi. Toa mume. Andika hiyo sentensi uliyoniambia sasa hivi. Kama una kesi na mwandishi, kesho tunampigia, tunamsikiliza, tunaandika habari. Ukimaliza tuma ukurasa chini.” Akatazama saa. “Mwenye gazeti ananiita juu kwa ajili ya spika yako. Nakuamini.”

Neno hilo la mwisho angelikata pia, kwa faida yake.

Akapanda. Nikabaki na ukurasa. Nilifuta neno mwizi. Nikalitazama lile pengo. Nikakumbuka ukumbi unavyosonya. Nikakumbuka yule mwigizaji alivyoniiga, mkoba wangu, kalamu yangu, mgongo wangu ukitoka mlangoni. Nikalirudisha neno mahali pake. Sentensi ya “nzuri kuliko zote tatu” sikuiandika kabisa.

Nikautuma ukurasa chini kama ulivyokuwa.

Mkasi aliporudi, kola imelowa jasho, aliniuliza kwa mbali, “Umetoa?”

“Nimetoa,” nikasema.

Nimeshasema uongo mwingi maishani. Nimemwambia mama mkwe kwamba nimemzoea. Ule wa siku ile ndio pekee niliousema bila kupepesa, na ndio uliokwenda kuchapwa nakala elfu arobaini.

Saa kumi na nusu simu ya mezani ikalia. Mapokezi.

“Una mgeni, dada. Anatembea na gongo. Nimemwambia apande taratibu.”

“Msomaji?”

“Hakusema. Ana mfuko wa rambo.”

Nikajua ni mama wa yule mtoto wa miaka sita amekuja kunipiga. Nikaiondoa miguu kwenye katoni nikajiweka sawa.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, nguo za kawaida, viatu vya chini, mguu wa kushoto mfupi kidogo kuliko mwenzake. Alisimama kwanza akapumua. Ngazi zetu hazimhurumii mtu.

“Wewe ndiye Nyota Moja,” akasema.

“Ndiye. Shikamoo, dada, kaa. Kama ni habari ya mwisho wa filamu, nimeshaomba radhi kwa watu wanane.”

“Marahaba. Hapana, mimi mwisho naujua.” Akakaa, akalaza gongo mapajani. “Mimi ndiye niliyeuandika.”

Msomaji wangu, wewe umeshawahi kumtukana mtu ukidhani ni mwanaume halafu akaingia mlangoni akiwa mwanamke anayechechemea? Bango lilikuwa na herufi mbili na ukoo. Mimi ndiye niliyemvisha suruali.

Hasira haikupungua kwa sababu hiyo. Ilipata mahali pa kukaa tu.

“Vizuri umekuja,” nikasema. “Nilitaka nikuone unafananaje.”

“Nafanana na kitanda namba saba.”

Cha mama kilikuwa namba sita.

“Nilivunjika mguu, nikalazwa pale miezi miwili. Nilikuwa mwalimu wa shule wakati huo. Mguu wangu ulining'inizwa kwa kamba na jiwe, siwezi kugeuka, na katikati yangu na mama yako palikuwa na pazia la kijani lisilofika chini. Wiki tatu tulizungumza chini ya pazia. Alinifundisha kukunja pindo kwa mdomo tu, bila sindano. Alikuwa anakusifu. ‘Binti yangu anagawa nyota gazetini,’ ananiambia, ‘ni mchoyo kama babu yake.’”

Babu alikuwa mchoyo kweli. Hilo halimo kwenye filamu.

“Asubuhi ile nilisikia,” akaendelea. “Ulipotoka, akaniita mimi. ‘Mwalimu, nizimie taa.’ Ningeinukaje? Nikarusha ndala yangu. Ikakosa. Nikarusha ya pili. Ikakosa. Akasema subiri, akashusha mkono, akanisukumia ya kwake chini ya pazia. Hiyo ndiyo iliyopiga.”

Akafungua mfuko wa rambo. Akaweka juu ya meza yangu, kati ya kikombe na kibodi, ndala moja ya kushoto. Ya bluu. Kisigino kimelika upande.

“Iliangukia nyuma ya kabati la dawa. Niliipata siku ya kuruhusiwa. Nilikuandikia hapa gazetini mara mbili, hukujibu. Nikafikiri hutaki.”

Sikuitazama katoni. Ilikuwa inanitazama yenyewe.

“Wamekusonya leo,” akasema. “Nimeambiwa. Sikuandika hivyo. Niliandika dada anarudi na kikombe, anasimama mlangoni gizani, anaona mama yake anatabasamu. Mtayarishaji akakikata kipande hicho, akasema kinapunguza mwendo. Niligombana nao wiki nzima. Ndiyo maana nimekuja leo, kabla hujaandika. Ukiandika umeumizwa, andika, una haki. Lakini kwanza kuna kitu ni chako.”

“Kipi?”

“Taa ilipozimika hakufa pale pale. Alizungumza. Dakika nne, labda tano. Nusu nimempa Kimulimuli, Mungu anisamehe. Ile nusu nyingine ilikuhusu wewe, nami sijamwambia mtu. Si mume wangu, si watu wa filamu. Nimekaa nayo miaka minane.”

Nikaigusa ndala kwa kidole.

Kikombe changu kikaanza kucheza.

Kwanza kidogo, kijiko kikigonga ukingo. Halafu meza. Halafu sakafu yote. Ndala ya mama ikasogea kidole kimoja juu ya meza kama inayotaka kuondoka.

“Ni nini hiyo?” akauliza, ameshika gongo.

“Mtambo.”

“Kumbe mnachapa humu humu?” Akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa ajabu. “Wanachapa la kesho?”

“La kesho.”

“Basi nimechelewa. Umeshaandika.” Akanitazama usoni, na tabasamu likapungua taratibu, alivyokuwa akisoma pale kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiandika vizuri sana. “Umeandika nini?”

Kutoka mezani kwangu mpaka kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha mtambo kuna ngazi thelathini na nne. Nilizihesabu siku za nyuma, nilipokuwa na ukurasa mzima na raha ya kuzihesabu. Kila dakika zinatoka nakala mia tatu. Nikawa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi.

“Dada, nipishe kidogo,” nikasema. “Ngoja nishuke chini mara moja, narudi.”

Maneno yalipotoka nikayasikia. Yeye pia aliyasikia. Alikuwa ameshawahi kuyasikia, chini ya pazia.

Hakunikasirikia. Alifumba macho kama mtu anayetafuta mahali alipoishia kwenye kitabu, akaweka kiganja juu ya ndala isiendelee kutetemeka, na akaanza kusema, kwa sauti ambayo haikuwa yake, kwa ile pumzi fupi ya fundi cherehani mwenye sindano kati ya midomo:

“‘Mwalimu, yule mtoto wangu akirudi na hiyo chai…’”

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa.